Bibi Ketura na Nchi ya Hakosei

Katika nchi ya Hakosei, mchungaji hakosei. Wala haya si maneno matamu ya kumpamba mtu siku ya kuwekwa wakfu. Ni sheria, imechongwa juu ya lango la mji, na Wahakosei wanaiishi kwa bidii na kwa upendo mwingi mno. Nasema upendo, na nasema hivyo mapema, ili msomaji asije akawadhania vibaya watu hawa kabla hajawajua.

Mchungaji Ambilikile Mwakatobe alifika huko asubuhi moja ya kipupwe, akiwa likizoni na akiwa amenuna. Wazee wa kanisa lake walikuwa wamemwambia, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka, kwamba siku hizi mahubiri yake yamejaa ukali na kwamba miguu yake haionekani tena majumbani mwao. Alikuwa amelipokea neno hilo kwa tabasamu, kisha likamkereketa njia nzima. Basi alipolakiwa langoni na kundi la watu wenye nyuso za furaha, kwa uchovu hata hakuangalia jua liko wapi. "Jioni njema, wapendwa," alisema.

Umande ulikuwa bado haujakauka. Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja mrefu, amevaa joho la kijivu, aliinua mkono, na papo hapo wanawake wakaanza kuwasha taa, kuku wakasukumwa kurudi bandani, na watoto wakaambiwa wanawe miguu wakalale. Watoto walinung'unika kidogo tu, maana walishazoea.

"Jioni njema, Mchungaji," alisema yule mwenye joho. "Mimi naitwa Abishai. Ni Mnyooshaji Mkuu wa nchi hii. Karibu chakula cha usiku."

"Lakini ndugu yangu, ni asubuhi. Mimi ndiye nime..."

"Ilikuwa asubuhi," alisema Abishai kwa upole, akamshika mkono.

Ndivyo Ambilikile alivyokula wali wa usiku jua likichomoza, akaonyeshwa kitanda, akalala. Na ukweli lazima usemwe: alilala vizuri. Ilikuwa muda mrefu hajawa mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia lolote.

Alipoamka, Abishai alimtembeza kumwonyesha kazi za Unyooshaji. Mahali pengine mtu akikosea husahihishwa. Katika Hakosei, mchungaji akikosea, dunia ndiyo inayosahihishwa. Wanyooshaji ni maofisa wa heshima kubwa na hulala kwa zamu. Kanisa lao lina milango hata ukutani ambako hakuna njia, kwa sababu Mchungaji Zefania, ambaye macho yake si mazuri, ana tabia ya kumaliza ibada akiwa amezama katika mawazo na kuuelekea ukuta. Kila alikogonga paji la uso, wiki iliyofuata palifunguliwa mlango. Kanisa lilikuwa na baridi kali, lakini washarika walikuja na mablanketi. Kwaya nayo iliimba wimbo wa kufungulia ibada kwa namna ya kusikitisha masikio, sauti ya tatu ikipanda mahali pa kushuka, maana ndivyo Zefania alivyouanzisha siku aliyokuwa na mafua.

"Na yeye hajui?" Ambilikile aliuliza.

"Atajuaje?" Abishai alishangaa. "Kazi yetu ni asijue. Ndiyo maana hatumruhusu kuingia majumbani. Nyumbani kwa watu kuna mambo mengi ya kukosea. Anaweza kukaa kiti cha mgonjwa, akamwita mtoto jina la nduguye. Anayemhitaji huja kwake sebuleni, tukiwa tumeshampangia maneno ya kusema."

Ambilikile alitikisa kichwa, lakini moyoni alikuwa akijichorea picha ya wazee wake wa kanisa wakiwa wamevaa majoho ya kijivu. Na jioni ile, jioni ya kweli sasa, Abishai alipomnong'oneza kwamba mtaa wa bondeni hauna mchungaji na kwamba wamependa sana sauti yake, hakusema ndiyo, lakini hapana pia haikutoka.

Zefania mwenyewe hakuwa mtu wa kiburi, na hilo ndilo lililomchanganya mgeni. Alikuwa mzee mnene kidogo, mpole, mwenye sauti nzito ya kutuliza. Alimpokea Ambilikile kwa furaha iliyopita kiasi, ile ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu. Akaanza kumsimulia kichekesho kuhusu mbuzi na askofu, na kabla hajafika kwenye mbuzi, wazee waliokuwa sebuleni walikuwa wanacheka hadi machozi. Zefania akanyamaza. Mwisho wa kichekesho hakuufikia.

"Nina ombi," alisema baadaye, walipobaki na Abishai tu. "Jumapili hii tuna ibada ya kumbukumbu. Uhubiri wewe. Mimi kila mwaka najaribu, nashindwa katikati."

"Kumbukumbu ya nani, ndugu?"

"Bibi Ketura. Nilikuwa yatima, sina hata shati, akanichukua. Yeye ndiye aliyenifundisha kusali, na alikuwa akinipiga kofi nikisinzia." Zefania alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Aliugua, nikasema nitamwona kesho, nitamwona kesho. Kazi zikanizonga. Jumapili moja nikajikuta natangaza kifo chake mimi mwenyewe. Sikuwahi kumwona."

Abishai alikuwa ameinamisha kichwa, akiangalia vidole vya miguu yake kwa makini.

Kesho yake Ambilikile alitoka peke yake kutembea, apate kufikiria mahubiri. Nje kidogo ya mji alimkuta mwanamke mzee, mwembamba, akichimba viazi kwenye shamba dogo lililopakana na kaburi lililopambwa maua.

"Pole na kazi, mama," alisema.

Jembe lilimponyoka yule mzee. Alimtazama kwanza yeye, kisha akageuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine anayesalimiwa.

"Unaniona?"

"Nakuona, mama. Kwa nini nisikuone?"

"Basi wewe ni mgeni," alisema, akaketi juu ya tuta kwa kicheko ambacho katikati kiligeuka kuwa kitu kingine. "Mimi ni marehemu Ketura. Karibu. Hilo hapo ni kaburi langu."

Akamweleza yote, huku akimtaka asikanyage matuta. Siku ile Zefania alikuwa na mgonjwa wa kuombewa na marehemu wa kutangazwa. Mimbarani akawachanganya, akamtangaza mgonjwa. Kanisa zima lilijua, maana jirani zake walikuwa wametoka kumnywesha uji asubuhi hiyohiyo. Lakini mchungaji hakosei. Wanyooshaji walikesha. Kesho yake wakaja na jeneza bila Zefania, wakalia kweli, wakazika mgomba.

"Mgomba wangu mwenyewe," alisema Bibi Ketura. "Ulikuwa na mkungu juu. Nililia mimi kuliko wao."

"Na majirani?"

"Ah, majirani wananipenda, usiwaseme. Kuni wanaweka kaburini, unga wanaweka kaburini, naenda nachukua. Jioni akina mama wanakuja kukaa hapo wanamsimulia marehemu habari za mji, nani kaolewa, nani kajifungua, nami nipo dirishani nawajibu kwa kumsemesha kuku wangu. Tunaelewana vizuri. Ila mtu kunitazama usoni, hakuna."

"Hukwenda kanisani ujionyeshe?"

"Nilikwenda. Nikakaa mbele kabisa. Wazee wakasimama mbele yangu wakaimba ibada nzima hawajakaa, wengine miguu imevimba, wananikonyeza kwa machozi niwahurumie. Nikawahurumia." Akakwangua udongo kwenye kiazi kwa ukucha. "Nimekasirika pia, usinione malaika. Meza ya Bwana sijaikaribia tangu nife. Na siku hizi kifua kinanibana nikipanda kile kilima. Sasa niambie wewe mwenye elimu ya Mungu: nikifa kweli, nani atanizika? Mimi nimeshazikwa. Watapita tu hapo mlangoni wakimwaga machozi, na mimi niko ndani."

Ambilikile aliinama akamwokotea viazi vilivyobaki. Alimsaidia kubeba kikapu hadi mlangoni, na njia nzima ya kurudi, ule mtaa wa bondeni ulikuwa umemtoka kichwani.

Alikwenda moja kwa moja kwenye Baraza la Wanyooshaji, akawataka wamrudishie yule mama uhai wake. Baraza lilikaa mpaka chai ikapoa mara kadhaa. Wengine walisema haiwezekani, kwani akiwa hai, mchungaji amekosea, na lango litabidi libomolewe. Mzee mmoja alitoa hoja kwamba kuwa hai na kuwa marehemu hakupingani sana, kwa kuwa marehemu huyu analima vizuri. Mwingine alilia tu, kwa sababu alikuwa mmoja wa wale waliosimama kanisani, na Bibi Ketura alimnyonyesha akiwa mchanga.

Ndipo akasimama Damari, mwanamke mwerevu kuliko wote pale, mwenye dhamana ya milango mipya.

"Mbona ni rahisi," alisema. "Jumapili Mchungaji Zefania ataita jina lake kaburini, naye atatoka nyuma ya mti. Atamfufua."

Baraza lilipiga makofi. Hakuna kosa lililotendeka, na muujiza juu yake! Wakatuma watu wakachague mti. Na Ambilikile, ambaye nilitamani niandike kwamba alikataa palepale, hakukataa. Aliona mama atasalimiwa, atashiriki Meza ya Bwana, atazikwa, na hakuna atakayeaibika. Alikwenda kumpa habari hiyo akitembea haraka kwa furaha.

Bibi Ketura alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sifufuki," alisema.

"Mama, lakini..."

"Sikufa. Aliyefufuka namjua, naye hakujificha nyuma ya mti. Yule mtoto nilimfundisha kusali mimi. Leo nikamsaidie kuwadanganya watu kwa jina la Mungu ili tu nipate kusalimiwa? Bora nibaki kaburini." Akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. "Na wewe unaitwa mchungaji. Unamwogopa mwenzio namna hiyo?"

Neno lilimwingia. Alipiga moyo konde akarudi mjini.

Zefania alikuwa kanisani, akipanga viti vya kumbukumbu kwa mkono wake. Ambilikile alipofungua tu kinywa, "Ndugu yangu, kuna jambo..." Abishai, aliyekuwa amemfuata nyuma, alipiga makofi mara moja, na kwaya ikamiminika kupitia milango yote kwa pamoja ikiimba kwa nguvu, sauti ya tatu ikipaa ovyo. Ndivyo sheria inavyosema: anayetaka kumwambia mchungaji kosa lake afunikwe kwa nyimbo, kisha apewe chai mpaka asahau. Ambilikile alipita katikati ya waimbaji akisukumana na mablanketi, akamfikia Zefania, akamwinamia sikioni.

"Bibi Ketura yuko hai. Ulikosea, ndugu yangu."

Zefania aliinua mkono. Kwaya ikakatika.

"Rudia," alisema.

Akarudia, kwa sauti, safari hii. Mtu mmoja alidondosha kitabu cha nyimbo.

"Abishai, ni kweli?"

Mnyooshaji Mkuu alijaribu kusimama wima kama cheo chake kilivyotaka, akashindwa. Machozi yalimtiririka hadi kwenye joho. "Tulikupenda, Mchungaji. Hatukutaka uumie."

"Najua mlinipenda. Mmenipenda mpaka mkanizikia mama yangu akiwa hai!" Sauti ile nzito ilitikisa milango yote, na watu waliinama, kwani hawakuwahi kumsikia akikasirika. Kisha akakaa kwenye kiti kimojawapo cha kumbukumbu, akafunika uso. "Hapana," alisema polepole. "Nyinyi mlizika tu. Aliyemtangaza bila kwenda kumtazama ni mimi."

Damari hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alimsogelea akamweleza habari ya mti na muujiza. Ambilikile alimwona Zefania akisikiliza, na akaona macho yake yakiganda kidogo. Mhubiri gani asingeganda? Angeweza kumpata mama yake, asipoteze kitu, na jina lake likavuma mpaka nchi za mbali. Kanisa lote lilikuwa likimngojea.

"Anakaa wapi?" Zefania aliuliza.

"Jumapili tutamleta, Mchungaji..."

"Nimeuliza anakaa wapi."

Akatoka. Bibi Ketura alihamia huko yeye akiwa tayari mchungaji, na kwa kuwa hakuruhusiwa kutembelea watu, hakuijua njia, na kwenye njia panda akakata kulia. Wanyooshaji waliokuwa wakimfuata wakasimama pale pale wakaanza kujadiliana kwa haraka kama nyumba ya Bibi Ketura inaweza kuhamishwa upande wa kulia kabla hajafika.

"Ni kushoto, ndugu," Ambilikile alimwambia.

"Asante," alisema Zefania, akageuka. Umati ukashusha pumzi.

Mji mzima ulikuwa umejaa uani kwa Bibi Ketura walipofika, wengine wamesimama juu ya kaburi ili waone vizuri. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni na kikapu cha viazi, kisu mkononi. Hakuinuka. Zefania alisogea karibu kabisa, kwa ajili ya yale macho yake, akamtazama usoni muda mrefu. Kisha akawageukia watu.

"Nilitangaza kwamba huyu mama amefariki. Nilikosea. Sikwenda kumwona, ndiyo maana sikujua. Nimemkosea yeye, nimewakosea na ninyi, maana niliwaacha mbebe uongo wangu muda wote huu."

Kukawa na ghasia ambayo Hakosei haijawahi kuiona. Wanyooshaji walikusanyika pembeni vichwa vikigusana. Mchungaji amesema alikosea, mchungaji hakosei, sasa je? Hatimaye Abishai alijitokeza, macho mekundu, akatangaza uamuzi wa Baraza: kwa kuwa mchungaji hakosei, na kwa kuwa amesema alikosea, basi ni kweli kabisa alikosea. Watu walishangilia. Mama mmoja alimrukia Bibi Ketura akamkumbatia akilia, "Jirani! Jirani! Mwanangu amepata kazi!" na Bibi Ketura akasema anajua, alimsikia jana, kuku alimwambia.

Zefania alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi. "Nisamehe, mama."

 Bibi Ketura alimaliza kwanza kumenya kiazi alichokishika.

"Kusamehe nilishakusamehe," alisema. "Marehemu hana kazi nyingi, nilipata nafasi. Lakini iliniuma, Zefania. Nilikuwa nakusikia unanililia kanisani, upepo ukileta sauti, nami niko hapa naumwa kifua peke yangu. Iliniuma sana."

"Jumapili nitakuletea Meza ya Bwana kwa mikono yangu."

"Nitakuja mwenyewe. Miguu ninayo."

"Na siku yako ikifika, nitakuzika mimi. Sitaambiwa na mtu kwamba umeondoka, mama. Nitakuwa nimekaa hapahapa."

Bibi Ketura alimtazama. Akatafuta kitu cha kufanya na mikono yake, akapata kisu cha pili kikapuni, akamkabidhi. "Basi kaa. Wageni ni wengi na viazi havijimenyi."

Zefania alikaa chini mlangoni. Hakuwa ameshika kiazi tangu utotoni. Alikata ganda nene kiasi kwamba kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko kilichoanguka, akachukua cha pili akakifanya vivyo hivyo. Nyuma yake, kimyakimya, Abishai alikuwa ameshatoa kisu chake cha mfukoni, ameokota kiazi, naye anakata maganda manene.

"Wewe, Abishai, weka kisu chini," alisema Bibi Ketura. Kisha akamgeukia mchungaji. "Unamenya vibaya. Unatumalizia chakula."

 Kwaya ilivuta pumzi, tayari kuimba. Zefania alikitazama kile kiazi kilichokonda mkononi mwake, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Nionyeshe," alisema, akamsogezea mikono.